Kitambaa ni cha Mtumba, Jasho Si la Mtumba



Sikukuu inapokaribia, sisi viongozi wa parokia huwaendea akina mama wenye vyerehani na kuagiza sare: sketi za marinda na blauzi zake. Kitambaa twakileta wenyewe, yaani mashuka ya mitumba na vipande vilivyobaki kwa mafundi. Kazi ikiisha twasema, “Mama, kitambaa chenyewe ni cha mtumba, tupunguzie.” Naye, kwa heshima, hupunguza. Leo tuyapime maneno hayo mbele ya dhamiri zetu.

Kwanza tuihesabu kazi. Sketi hiyo huwa na ngazi tatu, kila moja ikizidi kwa nusu upana wa ile iliyo juu yake. Ya juu ikiwa sentimita 120, ya pili huwa 180, na ya tatu 270. Shuka moja kubwa la kitanda hutoa ngazi zote, na linalosalia hutosha blauzi. Akiba hiyo ni njema, wala hatuilaumu.

Lakini ili marinda yapatikane, mama hupitisha mistari miwili ya mishono mirefu juu ya ngazi ya pili na ya tatu, kisha huvuta nyuzi taratibu mpaka upana ulingane na ngazi ya juu yake. Mistari hiyo pekee ni mita 9. Kuunganisha ngazi ni mita 3, na pindo la chini ni mita 2 na sentimita 70. Hizo ni karibu mita 15, naye hajagusa lastiki ya kiunoni wala blauzi. Tena, kabla ya kushika mkasi, amekwisha fumua mapindo ya zamani, amefua, amepiga pasi, na kutafuta namna ya kuepa mahali palipochakaa. Kitambaa kipya kisingemdai hayo yote. Basi kile kinachomwongezea kazi, sisi tumekifanya sababu ya kumpunguzia ujira.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki. Anayekubali malipo duni kwa kukosa namna amedhulumiwa. Mama huyu hukubali kwa sababu unga umekwisha nyumbani, na kwa sababu anayemwomba ni kiongozi wa Kanisa. Hiyo si ridhaa.

Kwa hiyo tuazimie: ujira upatanwe kabla ya kukata kitambaa, uhesabiwe kwa kazi na si kwa bei ya shuka, nao ulipwe siku ile ile nguo zinapopokelewa. Mshonaji akipenda kuitoa kazi yake iwe sadaka, na aseme mwenyewe. Sisi tusitoe sadaka kwa jasho la mwingine.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:
1. Ni mshonaji gani kati yetu ambaye bado tunamdai punguzo, au yeye anatudai malipo?
2. Tutamlipa lini?