Saratani ya matiti iliyokomaa: mambo yanayoamua matokeo ya mionzi

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Lodwar na Kakuma



Mama akiambiwa saratani ya titi imekomaa, huuliza kama atapona. Jibu hutegemea mambo manne.

La kwanza ni ugonjwa umefika wapi. Uvimbe uliogusa ngozi au tezi za kwapani bado unaweza kutibiwa kwa lengo la kuponya, kwa dawa, upasuaji na mionzi. Ukifika kwenye mifupa, mapafu au ini, mionzi haiponyi, ila hutuliza maumivu na kuzuia kidonda kutoka damu. Kwa mfupa unaouma, mara nyingine kikao kimoja hutosha.

La pili ni aina ya saratani. Ndiyo maana kipande cha uvimbe hupimwa maabara. Saratani inayochochewa na homoni ina vidonge vyake, na wagonjwa wake kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi.

La tatu ni nguvu ya mwili. Upungufu wa damu na utapiamlo hutibiwa mapema ili mgonjwa astahimili tiba.

La nne ni kumaliza tiba, na hapa familia ina kazi. Mionzi ya kuponya hutolewa siku tano kwa wiki, kwa kawaida wiki tatu hadi tano. Turkana haina mashine hiyo. Huduma iko Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret. Kutoka Kakuma ni takriban kilomita 120 hadi Lodwar, kisha zaidi ya 300. Anayekatiza tiba arudi kuangalia mbuzi anaupa ugonjwa nafasi. Kwa hivyo kabla ya safari, familia ipange nani atabaki na watoto na mifugo, mgonjwa atalala wapi, na usajili wa SHA ukamilishwe. Mkimbizi aanzie kliniki ya kambini apate rufaa.

Mama aelezwe mapema pia kwamba shanga za shingoni huvuliwa wakati wa mionzi, na alama zinazochorwa kwenye ngozi hazifutwi. Asikutane na hayo kwa mara ya kwanza Eldoret.

Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Uvimbe wa titi mara nyingi hauumi mwanzoni. Asiyesikia maumivu asingoje. Aende kituo cha afya kilicho karibu wiki hii.