Maduka Makubwa na Maduka Madogo ya Vifaa vya Kujengea
(Maneno yaliyosemwa na mwanachama katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo linalokula fedha zetu nyingi. Wengi wetu twajenga nyumba kwetu, kidogo kidogo, mabati mwaka huu, simiti mwaka ujao. Watu huuliza: twende duka kubwa la mjini lenye matawi mengi, au duka dogo la mtu mmoja pale sokoni?

Duka kubwa lina faida zake. Hununua mali nyingi kwa mara moja, kwa hiyo mara nyingi laweza kupunguza bei. Bei imeandikwa, na risiti hutolewa. Lakini simiti haiendi nyumbani kwa miguu. Mfuko mmoja ni kilo 50. Ukiokoa shilingi chache kwa mfuko, kisha ukalipa gari kutoka mjini, umepata nini? Hesabu bei mpaka mlangoni kwako.

Duka dogo nalo lina yake. Mwenyewe atakuuzia robo kilo ya misumari ikiwa ndiyo haja yako. Mshahara ukichelewa, ni yeye aandikaye jina lako katika daftari. Lakini tuseme kweli, deni hilo si bure. Mara nyingi limo ndani ya bei, na mwenye deni huona haya kuuliza bei.

Ndugu zangu, ukubwa wa duka si cheti cha mali njema, wala udogo si cheti cha uaminifu. Sisi wa reli twajua kupima mzigo kabla ya kuupokea. Tufanye vivyo hivyo dukani.

Kwanza, mabati. Namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30. Ukiona bei ndogo, uliza geji.

Pili, nondo. Nondo ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, yapasa kuwa na uzito wa kilo 10 na nusu au zaidi kidogo. Ikiwa ni kilo 8, umeuziwa chuma pungufu, na chini ya chuma hicho watalala watoto wako.

Tatu, simiti. Bonyeza mfuko. Ukikuta mabonge magumu, imeingia unyevu, usiichukue.

Nne, risiti, kila mahali.

La mwisho ndilo kubwa. Mtu mmoja mwenye mifuko mitano hasikilizwi. Watu kumi wakiagiza mifuko 200 pamoja, hata mwenye duka dogo ataweza kuagiza kwa wingi na kupunguza bei, na gari litakuwa moja. Mwaka 1844, huko Rochdale, Uingereza, watu 28, wengi wao wafanyakazi, walichanga fedha wakafungua duka lao wenyewe. Walianza na vitu vichache kama unga, siagi na sukari.

Kwa hiyo naomba tawi liandike leo majina ya wanaojenga mwaka huu. Wajumbe wawili waende duka kubwa na duka dogo, waulize bei ya mali ile ile mpaka mlangoni. Atakayetupa bei njema kwa mali iliyopimwa, kwake tutanunua.

Tumezoea kudai mshahara pamoja. Tuutumie pamoja pia.