Feni ya Gari la Chama: Maswali Kabla ya Kuidhinisha Malipo

(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama kwa makatibu na wanachama waliokutana Ipagala, Dodoma)



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa mali ya chama, nami nimechagua kipande kimoja kidogo cha mali hiyo, yaani feni inayopoza injini ya gari. Huenda baadhi yenu wakashangaa kumwona mkaguzi wa vitabu akiingia katika kazi ya mafundi. Sababu ni kwamba feni hiyo hunijia mezani mara nyingi katika hati za malipo, ila haitajwi kwa jina lake. Huandikwa "rejeta mpya", au "gasketi", au "kufungua injini", na chini yake pana sahihi ya katibu.

Katika chama kimoja nilichokikagua, gari dogo kuukuu lilichemsha mara tatu katika msimu mmoja wa alizeti. Mara ya kwanza ilinunuliwa rejeta. Mara ya pili ilibadilishwa gasketi ya silinda hedi. Mara ya tatu fundi mwingine aliukuta waya wa feni, ule unaofungwa kwenye bodi, umeliwa na kutu. Aliusugua kwa msasa, akaukaza, na gari halikuchemsha tena. Fedha zilizokwisha kutoka zilikuwa za wakulima waliokuwa bado wanangoja malipo yao ya pili.

Basi swali la kwanza ambalo katibu humwuliza dereva lisiwe "limechemsha lini?" bali "limechemkia wapi?" Gari likienda kasi kwenye lami ya kuelekea Morogoro, upepo wenyewe huipoza rejeta, na feni haina kazi kubwa. Likitambaa katika msongamano wa Soko la Majengo, au likisimama linanguruma huku magunia yakipakiwa, feni ndiyo tegemeo lake. Kwa hiyo gari linalochemsha likisimama na kupoa likikimbia, lishukiwe feni. Lile linalochemsha kwenye mwendo kasi, ishukiwe rejeta iliyoziba, au themostati, au pampu ya maji.

Feni zenyewe si za namna moja. Land Rover za zamani na malori mengi huzungushwa feni kwa mkanda. Mkanda huo ukibonyezwa katikati kwa dole gumba ubonyee kiasi cha sentimita moja, usilegee kama kamba ya kuanikia nguo. Toyota Land Cruiser nyingi za zamani zina klachi yenye mafuta mazito nyuma ya feni. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, izungushe feni kwa mkono: ikiwa inateleza mizunguko mingi bila uzito wowote, klachi imekwisha. Vumbi lililogandamana na mafuta kwenye klachi ni dalili nyingine.

Magari madogo hutumia feni ya umeme, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Fundi aanze na fyuzi. Kisha achukue nyaya mbili kutoka kwenye betri na kuiunganisha mota ya feni moja kwa moja. Ikizunguka, mota ni nzima, na ubovu umo katika rilei, swichi ya joto au nyaya. Isipozunguka, mota ndiyo mbovu. Mara nyingi ni kaboni zilizolika, nazo hubadilishwa kwa bei ndogo kuliko mota mpya. Kuhusu swichi, katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, ukiichomoa soketi yake huku ufunguo umewashwa, feni huzunguka. Katika magari mengi ya Ulaya ni kinyume: nyaya mbili za soketi huunganishwa ndipo feni iende. Mota ikishafungwa upya, wekeni karatasi mbele ya rejeta. Feni iliyo nyuma ya rejeta huivuta karatasi; ikiisukuma, nyaya zimefungwa kinyume.

Angalizo: feni ya umeme yaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Waya wa betri ufunguliwe kabla ya mtu kuingiza mkono kati ya mapanga yake. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe ikiwa ya moto. Mfuniko huo nao una thamani yake. Hapa Dodoma, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100. Mfuniko uliolegea hushindwa kubana maji, nayo huchemka mapema.

Ipo desturi ya kuing'oa themostati ili gari "lipumue". Binafsi siikubali. Injini hukaa na ubaridi, hula mafuta zaidi, na ubovu wa feni hufichika hadi siku ya mzigo. Maji ya visima vyetu vingi nayo yana chumvi, na huacha ndani ya rejeta ukoko mweupe kama wa birika, tumieni kulanti.

Nitakapopita kukagua vitabu, kila hati ya malipo ya rejeta au gasketi nitaomba iambatane na maelezo mafupi ya fundi: gari lilichemkia wapi, feni ilijaribiwa kwa betri au la, na nani alishuhudia. Kipuri cha zamani kiwe stoo, chenye kibandiko cha namba ya hati.