Pesa ya nyumba inaenda wapi?

Mazungumzo mbele ya wanachama, Baraka



Tangu wenzetu walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma mwaka 2005, hamu ya kila jamaa ni ileile: kulala chini ya paa lake. Lakini ukitembea hapa Baraka, Lweba ama Mboko, utaona kuta zilizofika madirishani zikasimama. Mvua inazipiga, zinapasuka, mwenyewe anaendelea kulipa kodi kwa mwingine. Majirani wanasema: huyo amekula pesa. Wafadhili nao wanauliza. Sisi tunaopita kwenye viwanja kila juma tunaona kwamba mara nyingi pesa haikuliwa. Iliingia mahali ambapo hakuna mtu aliyepahesabu.

Nyumba ya shirika ina mpango mmoja kwa wote, na hesabu yake inajulikana. Nyumba ya mpango wako mwenyewe ni kitu kingine. Kila unachochagua kina bei, na sehemu kubwa ya bei hiyo unaiamua kabla ya tofali la kwanza.

Tuanze na kiwanja. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na karatasi yenye nguvu ni ile sertifika ya anrejistrema. Wengi wetu tuna karatasi ya shefu tu, na wengine walirudi wakakuta mtu ameshajenga kwao. Ukijenga kwenye parseli yenye maneno, unaweza kupoteza nyumba nzima. Kwa hiyo karatasi, mashahidi na kupima mipaka viingie katika hesabu, tena viwe vya kwanza. Halafu angalia udongo wenyewe. Karibu na ziwa kuna mchanga na maji, msingi unataka kwenda chini zaidi, unakula mawe na simenti. Na tumeona tangu 2020 jinsi ziwa Tanganyika lilivyopanda, likaingia nyumba za Kalundu kule Uvira na za wenzetu wa Bujumbura. Kiwanja cha bei ndogo karibu na maji kinaweza kukupasua mfuko baadaye.

La pili ni umbo. Chukua nyumba mbili zenye nafasi sawa, mita 48 za mraba. Moja ni mita 6 kwa 8: kuta zake za nje ni mita 28. Nyingine ni mita 4 kwa 12: kuta za nje ni mita 32. Mita 4 zimeongezeka, na wewe hujapata hata nafasi ya kuweka kiti. Ukuta ukiwa na kimo cha mita 3, hizo ni mita 12 za mraba. Kwa matofali ya urefu wa sentimita 20 na kimo cha 8, yakilazwa safu moja, ni zaidi ya matofali 500, pamoja na msingi wake. Na kila kona unayoongeza kwa ajili ya uzuri inamtaka masoni muda. Pale paa mbili zinapokutana, manjanja yanakatwa mshazari, vipande vinatupwa, na hapo ndipo nyumba huanza kuvuja.

La tatu ni njia. Mawe, mchanga na udongo tunavyo hapa. Simenti, manjanja, misumari na vyuma vinatoka mbali, kwa mashua ama kwa gari. Kutoka Uvira mpaka hapa ni karibu kilomita 90, na kila mmoja anajua barabara hiyo wakati wa mvua. Mfuko wa simenti una kilo 50: kuna wa kuupakia, kuna wa kuushusha, kuna wa kuupandisha mlimani kwa motokari ama kwa kichwa. Bei ya dukani si bei ya kiwanjani. Wanachama kumi wakinunua pamoja na kujaza gari moja, kila mmoja analipa kidogo.

La nne ni wakati. Matofali yanafyatuliwa na kukaushwa kiangazi, Juni mpaka Agosti. Anayengoja Oktoba ananunua kwa wengine, na gari linakwama.

La tano ni kubadili mawazo. Mlango ukihamishwa ukuta ukiwa umesimama, unalipa kubomoa, unalipa kujenga tena, na matofali yaliyovunjika hayarudi. Kaeni na fundi, mwandike devi: vitu vingapi, hatua ngapi, malipo baada ya kila hatua.

Mtauliza: basi tupunguze wapi? Msipunguze kwenye msingi, wala kwenye kufunga paa. Na mkumbuke, namba ya BG ikipanda, bati linakuwa jepesi zaidi: BG 32 ni nyembamba kuliko BG 28. Lipu, dari na sakafu ya simenti vinaweza kungoja. Hata vyumba vinaweza kungoja: anza na viwili vyenye paa, ukiwa umeshachora pale ambapo vingine vitaungana. Vyumba viwili vyenye paa vinalaza watoto. Vyumba sita bila paa vinalaza mbuzi.

Ninyi wafadhili, tunawaomba mambo mawili. Msaada ufike kabla ya kiangazi, si baada yake. Tena usiwe wa manjanja peke yake. Gari la kuyaleta na karatasi ya kiwanja navyo ni nyumba.

Na sisi wanachama, kabla hatujafungua sanduku la chama kwa ajili ya mtu, tumwombe vitu vitatu: karatasi ya kiwanja, mchoro, na devi iliyotiwa sahihi na fundi. Si kumnyima. Ni kumsaidia ukuta wake upite madirisha.