KOTI LA KAZI NA RANGI YA NILI
(Maneno ya akina mama wa ushonaji siku ya kutimiza miaka 10)



Sisi wa ushonaji tumepewa dakika chache tueleze makoti haya mnayoyaona yametundikwa hapo.

Mfano wake tuliutoa kwenye koti kuukuu la mtumba, lile la buluu la mafundi wa Ufaransa, lenye mifuko mitatu ya kubandika. Tulilifumua pande kwa pande, tukalichora kwenye karatasi. Ila kitambaa tukasema kiwe merikani, na rangi iwe nili, kama kaniki za bibi zetu. Merikani, jina lenyewe linasema, ililetwa pwani hii na meli za Marekani, nchi iliyofunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Vita vyao vya 1861 hadi 1865 vilipunguza sana nguo hizo. Zikaja za Uingereza na India, lakini jina likabaki.

Sasa kazi yenyewe. Merikani hurudi ikifuliwa, kwa hiyo tunailoweka na kuifua kabla ya kushika mkasi. Nili nayo haiyeyuki kwa maji matupu. Hutaka magadi au chokaa, tena ichachuke pipani. Kitambaa kikitoka humo ni kijani; kikipigwa na hewa ndipo hugeuka buluu. Ukichovya mara moja utapata buluu ya maji tu. Sisi tunachovya na kuanika mara sita, saba.

Wapo wanaotuuliza, mbona msitie rangi ya dukani mkamaliza siku moja? Jamani, mtaji wa makoti haya ni mkopo wa kikundi, yaani hisa za mama wa vitumbua na mama wa genge. Mnunuzi anatoa bei nzuri kwa sababu ameambiwa ni nili. Akigundua siyo, harudi, na deni atalipa nani?

Basi tunaomba mambo mawili. Marejesho yetu yaanze mwezi wa tatu, siyo wa kwanza, maana rangi haiharakishwi. Na tukipanga bei, siku za kuchovya zihesabiwe kuwa ni kazi, siyo kitambaa na uzi peke yake.