Mficha Maradhi: Nani Amemfundisha Kuficha?



Ndugu wapendwa, viongozi wa Halmashauri ya Walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo,

Sisi mapadre huitwa mara nyingi usiku kwenda kumpaka mgonjwa Mafuta Matakatifu. Tunamkuta mtu amebaki mifupa, shuka imelowa jasho, na kando ya kitanda kuna kopo la kutemea makohozi. Tunapouliza alianza kukohoa lini, ndugu hutazamana, kisha mmoja hujibu: "Tangu kabla ya mavuno, Baba." Hiyo ni miezi minne au mitano. Na baada ya mazishi husikika methali ile ile: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Methali hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Humtaja aliyeficha, haiwataji waliomfundisha kuficha. Leo yatupasa kuitazama nusu ya pili.

TUONE

Kifua kikuu si laana, wala si ugonjwa wa kurithi katika ukoo. Tarehe 24 Machi 1882 daktari Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kwamba amekigundua kimelea kinachousababisha. Kimelea hicho husafiri hewani, mgonjwa wa mapafu asiyetibiwa anapokohoa. Ndiyo maana huwapata watu wa nyumba moja. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, kutokwa jasho jingi usiku, kukonda, na pengine damu katika makohozi: mwenye dalili hizi hana budi kupimwa.

Tiba ipo. Kwa kifua kikuu cha kawaida dawa humezwa kwa miezi sita. Hapa Tanzania Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na mafunzo yaliyopatikana humo, kwa ushauri wa Dkt. Karel Styblo, yalisaidia kujenga mkakati ambao Shirika la Afya Duniani lilieneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Dawa zenyewe hutolewa bure. Basi, kwa nini watu hawaji?

Wagonjwa wenyewe wametueleza sababu zao.

Kwanza, kikohozi hakimtishi mtu. Mkulima amezoea kukohoa vumbi, mama amezoea kukohoa moshi wa kuni. Hununua dawa ya maji dukani, akapata nafuu kidogo, akarudi shambani. Mwingine husema kifua kikuu ni cha wavuta sigara na walevi, naye havuti wala hanywi.

Pili, kilicho bure kina gharama zake. Dawa hailipiwi, lakini nauli hulipiwa, na siku ya kibarua iliyopotea hailipwi na mtu. Tulimfahamu fundi mwashi mmoja aliyekwenda zahanati mara tatu. Mara zote alirudi na vidonge vya homa na dawa ya kikohozi. Hakuna aliyemwomba makohozi yapimwe. Mara ya nne hakwenda. Je, huyu tumwite mzembe?

Tatu, aibu. Tangu UKIMWI ulipoingia nchini, kila anayekonda hunyooshewa kidole. Ni kweli kwamba VVU hudhoofisha kinga ya mwili na kukifungulia mlango kifua kikuu. Lakini wapo wengi wenye kifua kikuu wasio na VVU. Hata hivyo mke huogopa kuachwa, mpangaji huogopa kufukuzwa, na kibarua huogopa kupoteza kazi.

Nne, wengine huamini wamerogwa, wakaanzia kwa mganga wa kienyeji. Tusiwacheke. Mganga yule yuko karibu, huketi na mgonjwa, humsikiliza hadi mwisho, na hukubali kulipwa baada ya mavuno. Mgonjwa yule yule, akifika kwetu, husikilizwa kwa dakika ngapi?

Na wale wanaokuja mapema, huletwa na nini? Mara nyingi huletwa na mtu: mke aliyeng'ang'ania, jirani aliyekwisha kupona, mwalimu aliyekubali kufuatana naye.

TUPIME

Tukumbuke yule mwenye kupooza katika Injili ya Marko, sura ya pili. Watu wanne walimbeba, na walipokosa njia walifungua dari. Bwana hakumuuliza kwa nini amechelewa. Lakini tujiulize: ni nani aliyeziba mlango? Hawakuwa maadui. Ulikuwa umati wa watu waliokuja kusikiliza Neno. Twaweza kumpenda Bwana, na bado migongo yetu ikamzuia mgonjwa asimfikie.

Nasi tuungame. Tumesogea pembeni katika benchi mtu alipokohoa. Tumemnyima mkono wakati wa kupeana amani. Nasi mapadre tumewahi kuhubiri juu ya magonjwa kana kwamba kila aliyekonda ametenda dhambi. Huko ndiko mtu alikojifunza kuficha.

Hatusemi kwamba mgonjwa hana wajibu. Anayeujua ugonjwa wake na kukataa tiba huwahatarisha watoto wake na jirani zake. Hilo nalo ni jambo la haki. Lakini haki huanza kwa kumwondolea vizuizi yule tunayemdai wajibu.

TUTENDE

1. Kila jumuiya iwe na watu wawili waaminifu wa kuwatembelea wanaokohoa zaidi ya wiki mbili. Wasiishie kusema "nenda", waseme "twende". Nao watunze siri.

2. Pawe na mfuko mdogo wa nauli na chakula, maana kumeza dawa tumbo likiwa tupu ni mateso. Ndugu, mtu akifa tunachanga rambirambi kwa siku moja. Nauli ya kumpeleka kupimwa, ni lini tuliichanga?

3. Waliopona, kwa hiari yao, waseme mbele ya wenzao. Ushuhuda wa aliyepona huzidi mahubiri yetu.

4. Viongozi waulize kwenye zahanati, na zile za Kanisa zisiachwe: mtu akija na kikohozi cha muda mrefu, je, makohozi yake huchukuliwa? Watu wa nyumba ya mgonjwa, hasa watoto, je, huitwa kupimwa?

5. Wenye kuajiri wasimfukuze mgonjwa. Akitumia dawa barabara, uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana baada ya majuma machache. Daktari atasema lini aweza kurudi kazini.

Yule fundi mwashi aliijenga kuta za nyumba nyingi katika kigango chake. Tulimzika bila yeyote kati yetu kuwahi kufuatana naye hadi hospitali. Mungu atusamehe, na atujalie tusimzike mwingine hivyo.

MASWALI KWA JUMUIYA

Ni nani katika mtaa wetu anayekohoa sasa, na ni nani atakayekwenda kwake wiki hii?

Ni neno gani au tendo gani letu linalomfanya mtu afiche ugonjwa?

Kutoka hapa hadi mahali pa kupimia makohozi nauli ni kiasi gani, na jumuiya yetu yaweza kuchanga nini?