Nyuzi zinazozaliwa ndani ya plastiki



Nguzo zetu za bidon zinapinda kwenye jua. Ni sawa vile ukuta wa udongo bila fito.

Fito za plastiki ni nyuzi. Wengi wanaweka nyuzi za kioo. Zinatia nguvu, lakini zinakula chuma cha mashine. Kuna njia ingine. Polima ya fuwele kimiminika iko na molekuli ngumu kama vijiti. Ikiyeyushwa pamoja na plastiki ya kawaida, hazichanganyikani, inakaa matone-matone. Mukivuta kungali moto, kila tone linakuwa uzi mwembamba kupita unywele, na vijiti vinalala upande mmoja kama magogo kwenye mto. Bila kuvuta, matone yanabaki matone, nguvu hakuna.

Lakini bei yake! Ndiyo maana tunaikuta kwenye viunganishi vidogo vya simu, si kwenye nguzo.

Sisi tuko na chupa za maji, zile za PET. PET inayeyuka karibu digrii 250, bidon karibu 130. Tunayeyusha zote, tunavuta, tunapoza, kisha tunafinyanga nguzo kwa digrii 180 hivi, nyuzi za chupa zisiyeyuke tena. Nguvu haitafikia ile ya bei kubwa, lakini chupa tunaokota bure.

Kwa hiyo naomba: mbele ya tanuru kubwa, tununue kwanza mashine ya kuvuta. Na bamama wanaoosha chupa wapewe mahali pa kuzikausha kabisa, kwani PET yenye maji inakatika-katika kwenye moto.